Presha ya maji Matuu: kutoka mfereji wa Yatta hadi kinyunyizio

Leo naweka programu kando nizungumze maji, kwa sababu kuna swali ambalo mtu yeyote aliyejenga nyumba upande wa Matuu amewahi kuuliza: maji yapo, tangi limejaa, mbona shawa inadondoka tu kama machozi?

Jibu lina historia ndefu. Ukitoka Thika kuelekea Garissa, nchi inazidi kukauka, halafu unafika Matuu na kukuta nyanya, maembe na mboga. Hiyo ni kazi ya mfereji wa Yatta, wenye urefu wa kilomita kama 60, unaochota maji Mto Thika. Ulichimbwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Waliochimba ni mahabusu wa Mau Mau, watu waliozuiliwa na serikali ya kikoloni, kwa majembe na sururu na bila hiari yao. Kila nikitazama yale maji huwa nafikiria hilo kwanza, uhandisi baadaye.

Lakini uhandisi wenyewe ni safi. Hakuna pampu. Mfereji unafuata umbo la nchi, ukishuka kidogo kidogo, na maji yanatembea kwa uzito wake tu. Tatizo ni kwamba maji ya mfereji ulio wazi hayana presha ya kupanda popote. Ni kama waya wa mtandao unaokuletea data bila umeme: kompyuta utaiwasha mwenyewe.

Presha ya maji yaliyotulia ni kimo, basi. Upana wa tangi hauhesabiki. Tangi la lita 10,000 lililokaa chini linakupa presha ndogo kuliko ndoo iliyo juu ya paa. Ukiinua tangi mita 3 juu ya shawa, una mita 3 za presha, na bado utapoteza sehemu yake njiani, maana maji husuguana na bomba. Ukibana maji kwenye bomba la nusu inchi mahali palipohitaji inchi moja, mnara wako umeufupisha bila kujua. (Mafundi wengine huuza mnara mrefu zaidi kabla ya kuangalia bomba. Angalieni bomba kwanza.)

Kwa shamba mambo ni magumu zaidi. Kile kinyunyizio kinachozunguka kikigonga-gonga, tak-tak-tak, kilibuniwa na Orton Englehart, mkulima wa Glendora, California, mwaka 1933, akapata hataza 1935. Cha aina hiyo kwa kawaida hutaka presha ya mita 20 au zaidi. Nani Matuu atajenga mnara wa mita 20 kwa ajili ya sukumawiki? Kwa hiyo kwa miaka mingi mkulima mdogo alikuwa na ndoo, punda na mgongo wake. Pampu ya petroli ilikuwa ya wenye nacho.

Hapo ndipo kunakuja kisa ninachokipenda. Mwaka 1991 Martin Fisher na Nick Moon walianzisha ApproTEC jijini Nairobi (tangu 2005 inaitwa KickStart). Pampu yao ya kwanza ya kukanyaga kwa miguu, MoneyMaker ya 1996, ilivuta maji na kuyamwaga pale pale iliposimama. Ilifaa kwa mtaro, lakini haikuweza kupandisha maji mlimani. Mwaka 1998 ikatoka Super MoneyMaker, iliyofungwa vizuri ili isukume pia. Sasa miguu ya mtu iliweza kupandisha maji na kuendesha kinyunyizio kidogo.

Kuvuta kuna kikomo ambacho hakuna fundi atakivuka. Torricelli alionyesha nchini Italia mwaka 1643 kwamba kinachopandisha maji kwenye pampu ya kuvuta ni uzito wa hewa, na hewa huishiwa nguvu kwenye mita kama 10. Matuu iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kikomo kinashuka hadi kama 9. Kwa vitendo hesabu 7. Ukiweka pampu juu zaidi ya hapo, hata iwe ya farasi kumi, itazunguka bure.

Miaka hiyo hiyo ya 1990, KARI ilikuwa ikieneza vifaa vya matone vya Mmarekani Richard Chapin: ndoo ya lita 20, kimo cha mita 1 hivi, na mipira yenye matundu. Yeye hakutafuta presha zaidi, alipunguza presha inayohitajika. Kwangu mimi huu ndio usanifu bora kuliko wote, ingawa ndoo haina mvuto wa pampu.

Sasa pampu za petroli na sola zimejaa kandokando ya mfereji, na hapa kuna ubishi wa kweli. Kila mmoja anaponunua pampu kubwa, presha yake inapanda na kina cha mfereji kinashuka kwa jirani wa chini. Sheria ya Maji ya 2016 inataka kibali cha kuchota kwa pampu, lakini maji yaliyokwisha kupita kwenye mpira wa mtu hayarudi. Wa mwisho husubiri pampu za juu zizimwe usiku, ndipo ajaze tangi lake.