Nukta Kumi Chini ya Chapa: Chimbuko la Ukusanyaji wa Visu vya Mfukoni vya Toleo Dogo

Maandishi mengi yanayohusu ukusanyaji wa visu vya mfukoni nchini Marekani hurudia dai kwamba ukusanyaji huo ulibuniwa na viwanda, pale vilipoanza kutoa visu vya toleo dogo, yaani visu vya kukunja vinavyotengenezwa kwa idadi iliyotangazwa mapema, vikapigwa namba za mfululizo na kuahidiwa kwamba muundo wake hautarudiwa. Dai hilo linampendeza muuzaji, kwa kuwa linamfanya mnunuzi aonekane kama mtu aliyeitwa akaitika, lakini haliafikiani na ushahidi uliopo kwenye chuma chenyewe. Ushahidi huo ni chapa iliyogongwa kwenye shina la bapa, ile sehemu fupi isiyo na makali inayoingia ndani ya mpini, ambako kiwanda huweka jina lake, na ambako, kwa sababu zisizohusiana kabisa na wakusanyaji, kiliacha pia alama za kuutambua wakati.

Wako wanaolirudisha chimbuko nyuma zaidi, hadi Sheffield nchini Uingereza, wakitaja kisu ambacho Joseph Rodgers & Sons walikitengeneza mwaka 1822 kikiwa na mabapa 1,822, au kile kiitwacho Kisu cha Norfolk, chenye mabapa 75, kilichoonyeshwa kwenye Maonyesho Makuu ya London ya 1851. Hoja hiyo haihitaji kujadiliwa kwa kirefu, kwani vitu hivyo vilikuwa matangazo ya biashara yaliyowekwa dukani watu wavitazame, na hakuna aliyetarajia kuvinunua, sembuse kuvipanga kwenye kabati kimoja baada ya kingine. Mchango wa Sheffield katika historia hii ni mwingine, nao ulipita kwa njia ya forodha: sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, inayojulikana kwa jina la McKinley, iliyopandisha gharama ya visu vya kigeni na kuwaumiza mafundi wa mji huo, iliagiza pia kwamba bidhaa zinazoingizwa nchini zionyeshe zilikotoka. Tangu hapo maneno England na Germany yakawa ya kawaida kwenye mashina ya mabapa, na msomaji wa leo aonapo kisu cha Sheffield kilichopelekwa soko la Marekani bila neno hilo ana sababu ya kukidhania kuwa cha kabla ya 1891. Ofisa wa forodha aliyesimamia agizo hilo alikuwa, pasipo kujua, anawatengenezea wakusanyaji kalenda yao ya kwanza.

Kalenda ya pili, ambayo ndiyo iliyozaa ukusanyaji kama unavyojulikana sasa, ilitoka kiwanda cha W.R. Case & Sons. Familia ya Case ilianza biashara ya visu mwaka 1889 huko Little Valley, jimbo la New York, na kampuni yenye jina hilo ikahamia Bradford, Pennsylvania, mwaka 1905. Kila kisu cha kiwanda hicho kina namba ya muundo, na namba hiyo si ya kubahatisha: tarakimu ya kwanza hutaja kitu kilichotengenezewa mpini, ya pili hutaja idadi ya mabapa, na zinazobaki hutaja umbo. Kwa hiyo 6254 ni kisu cha mpini wa mfupa uliochongwa mikwaruzo, chenye mabapa mawili, cha umbo la 54, lile lililokusudiwa wawindaji wa kutega mitego. Na 5254 ni umbo lilelile lenye mpini wa pembe ya ayala, mnyama anayefanana na paa ambaye pembe zake zina ukwaruzi wa asili usiohitaji kuchongwa. Mtu akiijua kanuni hii anaweza kusoma kisu asichowahi kukiona, na, jambo lenye uzito zaidi kwa hoja inayojadiliwa hapa, anaweza kujua ni kipi anakikosa.

Juu ya namba hizo kulikuwa na chapa ya jina, nayo ilibadilika polepole. Takriban tangu 1920 hadi 1940 iliandikwa CASE TESTED XX. Kutoka 1940 hadi 1964 ikawa CASE XX. Mwaka 1965 yakaongezwa maneno U.S.A. Mabadiliko hayo hayakumhusu mkusanyaji hata kidogo, maana kiwanda kilikuwa kinawauzia wakulima, maseremala na wafugaji kupitia maduka ya hadiwea, ambako visu vilifungwa kwenye ubao wa maonyesho nyuma ya kaunta. Hata vitu vinavyotafutwa leo kwa bei ya juu vilitokana na uhaba wa kawaida wa kiwandani: mpini mweusi wa plastiki yenye ukwaruzi ulitumika katika miaka ya 1940 kwa kuwa mfupa ulikuwa umeadimika wakati wa vita, na mfupa wa rangi ya kijani ulitoweka taratibu kadiri kiwanda kilivyobadili rangi zake. Umbo liitwalo Muskrat, lenye mabapa mawili yanayofanana, limeacha ushahidi mzuri kuliko yote, kwa sababu hupatikana visu ambavyo bapa moja lina chapa ya zamani na jingine lina U.S.A.; fundi alichukua bapa lililokuwa karibu na mkono wake, akaunganisha, akaendelea na kazi. Toleo dogo la namna hiyo halikupangwa na mtu.

Mwaka 1970 kiwanda kiliongeza nukta kumi ndogo chini ya chapa, kwa utaratibu kwamba kila mwaka unaofuata nukta moja iondolewe: tisa mwaka 1971, nane mwaka 1972, hadi moja mwaka 1979, na mwaka 1980 zikarudi kumi, safari hii pamoja na herufi S zenye umbo kama la radi. Habari zilipowafikia wateja kwamba chapa ya zamani haitagongwa tena, watu walizunguka maduka ya vijijini wakinunua visu vilivyosalia, na wengine wakanunua ubao mzima wa maonyesho jinsi ulivyokuwa ukutani. Anayetaka kujua ukusanyaji ulianza lini hana budi kuutazama mzunguko huo wa maduka. Wakati unafanyika, kisu cha klabu ya wakusanyaji chenye namba ya mfululizo kilikuwa hakijatolewa.

Maelezo yanayoshindana na haya kwa nguvu zaidi, na ambayo yanastahili subira, ni yale yanayoitaja sheria ya kudhibiti bunduki ya 1968. Sheria hiyo ilizuia biashara ya bunduki kati ya jimbo na jimbo kwa watu wasio na leseni, na wachuuzi wengi waliokuwa wakipanga meza kwenye maonyesho ya bunduki walijikuta wanatafuta bidhaa nyingine ndogo, ya chuma, inayobebeka, isiyohitaji karatasi. Kisu cha mfukoni kilitimiza masharti yote. Hakuna sababu ya kulikataa jambo hili, kwa kuwa linaeleza vizuri wauzaji walitoka wapi na kwa nini soko liliota mizizi haraka katika majimbo ya kusini. Lakini halielezi kwa nini kisu kimoja kilipata bei mara kadhaa ya kingine kilichofanana nacho kwa umbo, mpini na chuma. Tofauti hiyo ilikuwa kwenye chapa, na chapa haikuletwa na sheria ya bunduki.

Wadanganyifu walilielewa jambo hilo kabla ya wanahistoria. Kwa kuwa kiwanda kiliongeza maandishi kadiri miaka ilivyokwenda, kukizeesha kisu kulihitaji kupunguza tu: ukizisaga nukta, kisu cha 1970 kinageuka kuwa cha kati ya 1965 na 1969, ukiisaga na U.S.A., kinageuka kuwa cha kabla ya 1965. Kinachowaumbua ni unene wa chuma. Shina lililosagwa huwa jembamba kuliko pale mashine ilipoliacha, na mtu akikielekeza kisu kwenye mwanga huku bapa limefunguliwa nusu, huona upenyo kati ya shina na kibati cha shaba kilicho ndani ya mpini, upenyo ambao upande wa pili haupo. Wakusanyaji wenye uzoefu husikiliza pia mlio wa springi bapa linapofungwa, ambao kwa kisu kilichobadilishwa bapa mara nyingi huwa butu.

Chama cha taifa cha wakusanyaji wa visu, kilichokuwa na makao yake Chattanooga, Tennessee, kiliundwa mwaka 1972, na mwanzoni kilibeba neno wafanyabiashara katika jina lake. Kisu chake cha kwanza cha wanachama kilitoka mwaka 1975. Miaka hiyo mitatu inatosha kuonyesha kipi kilitangulia, na ni ajabu kwamba waandishi wanaovitaja vyote viwili huendelea kusema visu vya klabu ndivyo vilivyoleta wakusanyaji. Mji uleule ulikuwa makazi ya James F. Parker, muuza visu aliyekuwa pia mwandishi mwenza wa kitabu cha bei za visu vya wakusanyaji, na ambaye mwaka 1989 alikinunua kiwanda cha Case kabla hakijaishia, mwaka 1993, mikononi mwa jirani yake wa Bradford, kampuni ya viberiti ya Zippo. Kitabu cha bei kilichoandikwa na mwenye duka ni chanzo cha kusomwa kwa tahadhari.

Visu vya kumbukumbu vilivyofuata, vya namba, hati na sanduku la mbao, havina mengi ya kumpa mwanahistoria, kwa kuwa vilitoka kiwandani vikaenda kabatini bila kukata hata kamba. Kighairi cha kutajwa ni kile cha Remington, kampuni iliyotengeneza visu vya mfukoni kati ya 1920 na 1940, ambayo mwaka 1982 ilianza kurudia, muundo mmoja kila mwaka, visu vyake vya miaka ya 1920 vyenye nembo ya risasi kwenye mpini. Urudiaji huo uliwasukuma watu wakavitafute visu vya asili, na hapo wakakutana na tatizo la seluloidi, plastiki ya kale iliyopendwa kwa mipini ya rangi. Seluloidi ikizeeka hutoa mvuke wa asidi ya naitriki, nao mvuke huo ukifungiwa huharakisha uozo uliouzaa. Ndiyo maana kisu kilichotunzwa ndani ya sanduku kwa miaka hamsini huweza kukutwa kimeota kutu, tena kimekiambukiza na cha jirani, ilhali mwenzake aliyezunguka mfukoni mwa mkulima yungali mzima.

Viwanda vya zamani vilipoanza kufungwa, Schrade mwaka 2004 na Camillus mwaka 2007, uhaba usiopangwa ulirudi kwa mlango mwingine. Great Eastern Cutlery, iliyoanzishwa mwaka 2006 huko Titusville, Pennsylvania, hutengeneza muundo mmoja kwa mafungu madogo kisha ikahamia mwingine, kwa kuwa watu wake ni wachache na kazi nyingi hufanywa kwa mkono. Mwaka wa kutengenezwa umo ndani ya tarakimu zilizogongwa kwenye shina, na wachuuzi hulinunua fungu lote siku linapotoka. Kwa upande wa visu vya kisasa vya kufunguliwa kwa kidole gumba, Spyderco ya Golden, Colorado, ambayo kisu chake cha kwanza cha kukunja kilitoka mwaka 1981, imezoea kurudisha kwa muda mfupi miundo iliyokwisha kuondolewa sokoni. Na Chris Reeve, fundi aliyetoka Durban akahamia Idaho mwaka 1989, akakipa kisu chake mashuhuri jina la Kizulu Sebenza, aliihamisha tarehe kutoka kwenye chuma kwenda kwenye karatasi: kila kisu huuzwa na kadi yake ya kuzaliwa, na kadi hiyo ikipotea, bei hushuka ingawa kisu ni kilekile.