Mtandao wa maboya wa TAO

TAO ni mtandao wa maboya (yapatayo 70 ulipokamilika) yaliyotiwa nanga kwenye Bahari ya Pasifiki, kaskazini na kusini mwa ikweta. Boya hupima upepo, unyevu na joto la hewa. Vipimajoto vilivyofungwa kwenye waya wake hupima joto la maji hadi kina cha mita 500. Vipimo hurushwa nchi kavu kwa satelaiti.

Chanzo cha mtandao huu ni aibu ya wataalamu. El Niño (ongezeko lisilo la kawaida la joto la Pasifiki ya ikweta) ya 1982–83, miongoni mwa kali zaidi za karne ya 20, ilitambuliwa ikiwa karibu na kilele. Satelaiti zilikuwapo, ila vumbi la volkano ya El Chichón, iliyolipuka Meksiko mwaka 1982, lilizifanya zione bahari kuwa baridi kuliko ilivyokuwa. Peru na Ekuado zilipata mafuriko, Australia na Indonesia ukame. Ndipo serikali zilipotoa fedha za kujenga mtandao, kupitia programu ya kimataifa ya TOGA (1985–1994). Stanley Hayes wa NOAA, idara ya bahari na angahewa ya Marekani, aliongoza ujenzi; alifariki 1992, miaka miwili kabla mtandao haujakamilika.

Mwaka 1997 maboya yaliionyesha El Niño mpya ikikua siku hadi siku. Ndiyo iliyochangia mvua ambazo Wakenya na Watanzania bado huziita “za Elnino”, ingawa joto lisilo la kawaida la Bahari ya Hindi yenyewe lilikuwa na mkono mkubwa. Bahari hiyo ilianza kupata mtandao wake, RAMA, mwaka 2004.

Kutunza kumekuwa kugumu kuliko kujenga. Boya huliwa na chumvi, na kwa kuwa samaki hukusanyika chini yake, wavuvi hufunga vyombo vyao hapo na kuharibu vifaa. Japani ilijiunga mwaka 2000 kwa maboya ya TRITON upande wa magharibi, kisha ikaanza kuyaondoa. Marekani nayo, kwa kubana matumizi, iliiondoa kazini mwaka 2012 meli ya Ka'imimoana iliyokuwa ikiyahudumia maboya yake. Kufikia mwanzoni mwa 2014 vipimo vilivyofika vilikuwa takriban asilimia 40 ya vilivyotarajiwa. Meli za kukodi zikatumwa kuyafufua maboya. Mwaka huohuo ulianza mradi wa TPOS 2020 wa kuupanga upya mfumo mzima, ukiyachanganya maboya na vielea vya Argo, vinavyozama hadi mita 2,000 na kuibuka kila baada ya siku kumi hivi.