Almasi Hailiwi

Kamina ya vita vya Kongo vya 1998 hadi 2003 hutajwa kwa kambi yake ya ndege, waliyoijenga Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili, ambamo walifikia askari wa Zimbabwe waliokuja kumsaidia Rais Laurent-Désiré Kabila. Mimi nikiulizwa kuhusu vita vile, nataja kinga, yaani baiskeli.

Mji wetu uliishi kwa reli. Waasi wa RCD walipoishika Kabalo, njia ya kwenda Kindu na Kalemie ikafa. Treni za upande wetu hazikutabirika, mishahara ikakauka. Mapema 1999 serikali ikapiga marufuku biashara ya dola. Dola zikajificha, bei zikazidi kupanda. Mama yangu alipima unga kwa meka sokoni na mara nyingi alilipwa chumvi.

Hapo ndipo mjomba, fundi wa kuchomelea, alipopata kazi kuliko wakati wowote. Aling'oa pedali na mnyororo, maana kinga ya mzigo haipandwi, inasukumwa. Akaongeza vyuma kwenye fremu na kwenye kibebeo cha nyuma, akafunga fimbo ndefu kwenye usukani ili msukumaji aiongoze akitembea pembeni. Magunia mawili ya mahindi ubavuni, la tatu juu. Breki? Mlimani ukiteremka, unakandamiza tairi kwa kandambili, na kandambili haidumu.

Mahindi yalipita Kaniama kwenda Mwene-Ditu na Mbuji-Mayi. Almasi za huko zilisaidia kulipia vita vya serikali ya Kinshasa, lakini mchimbaji hali almasi. Aliyefika na gunia zima alirudi na vitenge, betri na sabuni, akishavuka vizuizi vya barabarani, na kila kizuizi kilikuwa na mkono wake. Kutoka Bukama walileta bitoyo, yaani samaki wa chumvi, kutoka maziwa ya Upemba na Kisale. Wapo waliotajirika. Wengi walirudi na vifua vibovu.

Wanaoandika uchumi wa vita vile huandika koltani na dhahabu. Kwa Kivu ni sawa. Huku kwetu waandike mahindi, na wamhesabu mtu aliyeyasukuma.

Mwaka 2004 treni kutoka Lubumbashi ilifika tena Kindu. Wasukumaji hawakuacha kazi. Barabara ya Kaniama ingali inapitisha mahindi kwa kinga.