Saa Kumi Usiku

"Maelezo yako hayakubaliani." Ndivyo nilivyoambiwa kwenye mahojiano. Mara ya kwanza nilisema tulivuka Malagarasi saa kumi usiku, mara ya pili nikasema alfajiri. Kwetu ni saa ileile. Mkalimani aliandika kumi ya saa za kizungu, basi karatasi ikasema tulivuka usiku mchanga.

Tangu siku ile namfikiria Alfred Tarski, niliyemsoma chuoni kabla ya kukimbia. Alizaliwa Warsaw, Polandi, mwaka 1901, katika familia ya Kiyahudi ya Teitelbaum. Jina alilibadilisha ujanani. Agosti 1939 alipanda meli kwenda mkutanoni Harvard, Marekani. Tarehe 1 Septemba Wajerumani wakaivamia Polandi. Mkewe Maria na watoto wawili walibaki huko, hawakuonana naye mpaka 1946. Wazazi wake na ndugu yake waliuawa na Manazi. Mtu kaenda mkutanoni tu, jamani, akajikuta mkimbizi.

Kitabu chake kuhusu ukweli kilikuwa kimeshatoka 1933. Wako wanafalsafa waliosema maneno huwa kweli yakipatana na maneno mengine. Yule aliyenihoji alikuwa upande wao, na sishangai, maana mtoni hakuwepo. Tarski alipita njia nyingine: sentensi "theluji ni nyeupe" ni kweli ikiwa, na ikiwa tu, theluji ni nyeupe. Ukicheka sikulaumu, hata mimi nilicheka. Lakini angalia: mwanzoni kuna maneno yaliyonukuliwa, mwishoni inazungumziwa theluji yenyewe.

Akaona na hatari. Lugha ikijipima yenyewe, mtu atasema "sentensi hii ni ya uongo." Ikiwa ni kweli, basi ni uongo, ikiwa ni uongo, basi ni kweli. Kwa hiyo akataka lugha mbili: inayopimwa, na nyingine ya juu inayopima. Na kila sentensi ya chini iwe na tafsiri sahihi kule juu. Tafsiri ikikosea, hujapima kitu.

Hapo ndipo naiona meza ile: mimi nasema kwa lugha ya chini, faili linaandikwa kwa lugha ya juu, katikati kaka mmoja amechoka. Tarski mwenyewe alishughulikia lugha za hesabu. Hizi zetu za kila siku aliziona zina vurugu mno. Nisimbebeshe mzigo asioomba.

Mwezi ujao nimepangiwa tena. Nitasema saa kumi, jogoo ameshawika. Kisha nitamwomba mkalimani anisomee kwa Kiswahili alichoandika, kabla sijaweka kidole gumba.