Heliamu ya Uwanda wa Kati

Maji ya moto ya Hika na Mponde, upande wa Singida, hutoka yakibwabwaja mapovu. Gesi yake haiwaki hata ukiiwashia kiberiti, kwa kuwa sehemu kubwa ni naitrojeni. Wanajiolojia wa serikali, ambao makao yao yako Dodoma tangu miaka ya 1920, waliipima, na mwaka 1967 T.C. James alichapisha makala kuhusu chemchemi za moto za Tanzania. Ndani ya naitrojeni mlikuwamo heliamu. Nani angehangaika nayo enzi hizo, watu wakitafuta dhahabu na almasi?

Heliamu hiyo ni zao la itale. Miamba ya uwanda huu ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, na urani na thori zilizomo huoza taratibu. Kila chembe ya alfa inayotoka, ikishajipatia elektroni mbili, ni atomi ya heliamu. Joto la Bonde la Ufa huitoa mwambani, maji na naitrojeni huipandisha.

Gesi isiyoungana na kitu, kama heliamu, ni hazina maabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kundi la Richard Smalley katika Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, lilibuni mtambo wa ajabu: leza huunguza metali ikawa mvuke, heliamu hupulizwa juu yake, atomi zinapoa na kushikana mbili, kumi, ishirini, kisha vishada hivyo hufyatuliwa kupitia tundu dogo kuingia kwenye ombwe na kupimwa uzito. Mtambo huohuo, ukilishwa kaboni, ulitoa mwaka 1985 tufe la atomi 60 lililoleta Tuzo ya Nobel ya 1996.

Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Walter Knight na wenzake walitengeneza vishada kwa argoni badala ya heliamu. Mwaka 1984 waliona vishada vya sodiamu vya atomi 8, 20, 40 na 58 vikiwa vingi kuliko majirani zake, maana elektroni zake zilijaza matabaka kamili.

Umbo la kishada cha dhahabu lilisubiri hadi 2003. Lai-Sheng Wang na wenzake walionesha kuwa kishada cha atomi 20 ni piramidi ya pembetatu: atomi moja kileleni, chini yake 3, 6, kisha 10.

Na heliamu yetu? Watafiti wa Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza hazina ya Rukwa mwaka 2016. Mwaka 2024 kisima cha Itumbula kikaitoa juu. Rukwa ina mashapo mazito yanayoweza kuinasa gesi. Uwanda wa kati, wenye itale iliyo wazi kila mahali, huiachia iende zake angani.