Mvulana Anywaye Maji Kijitoni

Iko picha moja mashuhuri ya Uingereza iitwayo "Shamba la Ngano". Aliyeichora ni John Constable, naye aliichora London katika mwaka 1826.

Katika picha hiyo yaonekana njia nyembamba yenye kivuli cha miti mirefu. Mvulana mchungaji, mwenye kizibao chekundu, amelala kifudifudi kando ya kijito, anakunywa maji. Kondoo wametangulia, na mbwa yu nyuma yao. Punda wamesimama majanini, na ng'ambo ya lango ngano imeiva, yang'aa kama dhahabu. Nyumbani kwake Constable waliiita picha hii "Mvulana Anywaye".

Constable alizaliwa mwaka 1776 katika kijiji cha East Bergholt, jimbo la Suffolk. Baba yake alikuwa tajiri mwenye vinu vya kusagia nafaka. Njia ile ya kivuli ndiyo aliyoipita mwenyewe utotoni, akienda shule Dedham, ng'ambo ya mto. Basi alipoichora, umri wake ukikaribia miaka 50, alikuwa akikumbuka siku zake njema. Hata kanisa dogo lionekanalo kwa mbali halikuwako mahali pale. Mwanawe mwenyewe alisema hivyo baadaye.

Lakini tuulize, je, maisha ya watoto maskini wa Suffolk yalikuwa ya raha namna ile? Vita na Wafaransa vilikwisha mwaka 1815. Askari wakarudi kutafuta kazi, bei ya nafaka ikaanguka, na ujira wa vibarua ukapungua. Tena zikaja mashine za kupura nafaka, zikawanyang'anya watu kazi yao ya siku za baridi. Mwaka 1822 watu wenye dhiki walivunja mashine hizo na kutia moto mashambani. Nduguye Constable alimpasha habari kwamba haupiti usiku bila moto kuonekana, karibu au mbali. Na watoto wa vibarua walitiwa kazini tangu wadogo, kuchunga na kuamia ndege. Sheria ya kuwapasa watoto kwenda shule haikuenea nchi nzima mpaka mwaka 1880.

Moto huo haumo katika picha. Mtoto wa mwenye vinu aliipita njia ile akienda kusoma. Huyu anywaye maji yumo kazini. Asiyepata kuchunga huona mapumziko tu. Sisi tuliochunga twajua ya kuwa kondoo hawangoji mtu, na ya kuwa lango bovu lile laweza kuwaingiza katika ngano ya wenyewe, na jioni mvulana akaulizwa.

Constable alipokufa mwaka 1837, rafiki zake walichanga gini 300, yaani pauni 315, wakainunua picha na kuitoa kwa Jumba la Taifa la Picha huko London. Iko humo hata leo. Nasi tuipende, maana ni nzuri. Lakini tukitaka kujua watoto wa zamani waliishije, yatupasa kuuliza kwanza aliyeichora alikuwa mtoto wa nani, na njia ile aliipita akienda wapi.