Visanduku vya Karatasi vya Srinagar

Wafanyabiashara wa Kifaransa wa karne ya 19 walifuata shali Kashmir. Shali zikisafirishwa kwenda Ulaya zililazwa ndani ya visanduku vilivyojaa maua, ndege na dhahabu, na huko visanduku navyo vikapata wateja wake. Ukikishika kimoja utashangaa wepesi wake. Hakuna mbao ndani, ni makaratasi makuukuu tu yaliyotwangwa, yaani papie-mashe.

Ufundi wenyewe ulikwisha kuota mizizi Srinagar, mji wa Kashmir, karne kadhaa kabla ya wanunuzi hao. Wenyeji husimulia kwamba uliletwa na Mir Sayyid Ali Hamadani, sufii kutoka Iran aliyefika bonde la Kashmir katika karne ya 14 akiwa na mafundi miongoni mwa wafuasi wake. Wengine humtaja Sultani Zain-ul-Abidin, aliyetawala kuanzia 1420 hadi 1470, ambaye aliwaita mafundi wa Asia ya Kati. Sioni kwa nini masimulizi haya yagombane: mmoja aliingiza ufundi, mwingine akaupa riziki. Kilichopambwa zaidi zamani hizo kilikuwa kikasha cha kalamu za makatibu, yaani kalamdani, na kazi nzima ikaitwa kar-i-kalamdani.

Kisanduku hupita mikononi mwa mafundi wa aina mbili. Wa kwanza ni sakhtasazi, mwenye kazi chafu ambayo watalii hawaipigi picha. Huloweka makaratasi kwa siku kadhaa, huyatwanga kwenye kinu cha mawe mpaka yawe rojo, huyachanganya na gundi ya unga wa mchele, kisha huyabandika tabaka juu ya tabaka kwenye kalibu. Umbo likikauka hulikata kwa msumeno, hulitoa kalibuni na kuliunga tena kwa gundi. Hulipaka jasi na kulisugua mpaka mkono usikwaruzwe popote. Hapo ndipo fundi wa pili, nakashi, yaani mchoraji, anapolipokea. Naye huchora bila kuanza na penseli, kwa brashi za manyoya laini, nyingine zikiwa za manyoya ya paka. Rangi za asili zilitoka kwenye madini na mimea, bluu ya mawe, njano ya zafarani. Leo nyingi hununuliwa dukani. Mtindo uitwao hazara hujaza maua mengi ya namna mbalimbali mpaka usione pa kutia kidole. Mwisho hupakwa vanishi.

Familia nyingi zinazoishi kwa kazi hii ni za Waislamu wa Kishia wa mitaa kama Zadibal na Hassanabad. Lakini nakshi hizo hazikuishia kwenye bidhaa. Zawiya ya Khanqah-e-Moula, kando ya mto Jhelum, imepambwa kwa papie-mashe kutani na darini. Zawiya ya Dastgir Sahib, mtaa wa Khanyar, ilikuwa na mapambo kama hayo mpaka moto ulipoiteketeza Juni 2012, ikajengwa upya baadaye. Zawiya hiyo inamuenzi Sheikh Abdul Qadir Jilani, huyo huyo anayetajwa katika dhikiri za Kadiria Zanzibar na Bagamoyo.

Vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870 hadi 1871 viliua soko la shali. Wafumaji waliumia vibaya, na njaa kubwa ya mwishoni mwa muongo huo ikawamaliza wengi. Kisanduku kilinusurika kwa kuwa hakikung'ang'ania shali. Waingereza waliokimbilia Kashmir kukwepa joto la India walitaka sinia, vinara vya mishumaa na meza ndogo, wakatengenezewa. Machafuko ya Kashmir yalipoanza 1989 na watalii kupungua, mafundi walizidi kutegemea oda za nje.

Oda kubwa mojawapo leo ni ya mapambo ya Krismasi: mipira, nyota, kengele, hata Baba Krismasi mwenyewe, vyote vikichorwa na Waislamu kwa ajili ya miti ya Ulaya na Marekani. Wapo wanaoona huko ni kushuka hadhi. Mimi siwaelewi, maana mpira huo ukiuangalia kwa karibu utakuta maua ya hazara. Kinachoumiza zaidi ni vitu vya mbao laini au kadibodi ya kiwandani vinavyopakwa rangi haraka na kuuzwa kama papie-mashe. India imekwisha kuisajili papie-mashe ya Kashmir kwa alama ya asili ya kijiografia, na mwaka 2021 UNESCO iliingiza Srinagar katika miji bunifu ya ufundi na sanaa za jadi. Hata hivyo, mbele ya kaunta mteja asiyejua huviona vyote sawa, huchukua cha bei nafuu, na anayekosa kazi kwanza ni sakhtasazi, kwa sababu mbao haihitaji kutwangwa.